Nirudishieni Skrubu Zangu

Kijana aliigeuza laptopu yangu mara mbili, akaipapasa tumbo kama bwana mifugo mnadani, kisha akasema: "Mzee, pole. RAM ya hii, kumbukumbu yake ya kufanyia kazi, imechomewa kwenye bodi. Haiongezwi." Nikamwambia basi, fungua tu utoe vumbi. "Na betri nayo wameibandika kwa gundi. Nikilazimisha nitakuharibia." Akanirudishia bila kunitoza hata mia. Hapo ndipo nilipojua mambo yameharibika: fundi wa Jamatini kakataa hela!

Wenzangu wa Dodoma siwaelezi vumbi ni nini. Upepo wa Julai na Agosti mnaujua. Steshenari yangu napiga deki asubuhi na mchana, na jioni bado unaweza kuandika jina lako kwa kidole juu ya printa. Feni ya laptopu hapa ndani ya miezi michache inakuwa na manyoya kama paka, mashine inachemka, inazima yenyewe katikati ya CV ya mtoto wa watu ambaye maombi ya ajira yanafungwa saa sita usiku. Kwa hiyo kufungua kompyuta kwetu sisi si ufundi. Ni usafi, kama kuosha sufuria. Sasa mtu ananiuzia sufuria isiyooshwa, tena kwa bei ya ng'ombe.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba biashara hii yote ilianza kwa kufungua. Januari 1975, jarida moja la mafundi wa Marekani lilitoka na picha ya kompyuta ya Altair 8800 kwenye jalada. Waliounda walikuwa kampuni ndogo iitwayo MITS, huko Albuquerque, mji mkavu wenye vumbi lake (mnaona?). Unalipa chini ya dola 400, unaletewa kwa posta boksi la vipande, unalehemu mwenyewe kimoja kimoja. Ukimaliza huna kioo wala kibodi. Una swichi na vitaa vya kumweka, na kumbukumbu ya baiti 256, ambayo aya hii haiingii. Lakini ndani mlikuwa na nafasi za kuchomeka kadi, na kadi hizo hata mtu asiyejuana na MITS aliweza kuzitengeneza. Walijitokeza wengi. Bill Gates na Paul Allen walianzia hapo hapo, kwa kuiandikia mashine hiyo BASIC, lugha ya kuandikia programu.

Halafu ukaja ugomvi ninaoupenda kuliko yote. Kompyuta ya Apple II ilipokuwa inasanifiwa, Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa Apple, alitaka nafasi mbili tu za kadi: moja ya printa, moja ya modemu, basi. Mwanzilishi mwenzake, Steve Wozniak, akataka nane. Akamwambia mwenzake kama unataka mbili, katafute kompyuta nyingine. Ikatoka 1977 ikiwa na nane, na mfuniko unaunyanyua kwa mkono kama wa chungu. IBM nao, Agosti 1981, kwa haraka zao walinunua prosesa kwa Intel na mfumo endeshi kwa Microsoft, tena wakauza kitabu chenye michoro ya saketi nzima. Compaq wakakaa chini, wakajiandikia BIOS yao (programu ya kuiamsha mashine) inayofanya kazi ileile kama ya IBM, na baada yao kila mwenye karakana akaunda kompyuta yake. Bei ikaporomoka. Ni mporomoko huo, si huruma ya mtu, ulioifikisha kompyuta mpaka kwa mwenye steshenari wa Nkuhungu. Aliyeacha mlango wazi hakujua ananifungulia mimi.

(Na sisi tusijifanye wateule. Mwaka 1973 chama tawala, TANU, kiliamua makao makuu yahamie Dodoma, na 1974 serikali yake ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Mwaka mmoja kabla ya Altair! Kwa kupatia saa, hatujambo.)

Jobs hakusahau. Mwaka 1984 akaja na Macintosh: kumbukumbu ya kilobaiti 128 iliyolehemewa kwenye bodi, na skrubu zilizozamishwa shimoni, huzifikii bila bisibisi ndefu ya nyota ambayo duka la kawaida halikuwa nayo. Watu walinung'unika. Leo ninayemwona kashinda ule ugomvi wa nafasi mbili ni yeye, na wanaomuiga ni walewale waliotajirika kwa mfuniko wa IBM ulio wazi.

Haya, nitakubali kidogo, shingo upande. RAM iliyochomewa karibu na prosesa inakula umeme kidogo, na laptopu nyembamba ni nyepesi. Mpwa wangu anasoma UDOM, chuo kikuu chetu, anaipandisha ile milima na begi mgongoni, ananiambia, "Anko, wewe unataka tubebe matofali." Sawa. Lakini RAM ikifa, bodi nzima imekufa nayo, na bodi inakaribia bei ya mashine. Wepesi huo kalipa nani? Halafu kwenye boksi wamechora jani la kijani, ati wanapenda mazingira.

Ulaya wameandika sheria kwamba kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vya namna hii mwenye kifaa aweze kuzitoa mwenyewe. Hapa kwetu sijasikia hata anayeuliza. Tunafuatilia kama boksi lina stempu, sio kama kilichomo kinafunguka. Baiskeli ya Phoenix ya marehemu baba ilitengenezwa miaka mingi na mzee mmoja chini ya mwarobaini, kwa spana mbili na kopo la mafuta, wala hakuwahi kusema "haiongezwi".

Juzi nimenunua nyingine. Ya mtumba (siyo Mtumba ya mawaziri, ule mji wa serikali; ya kwangu haina lami), nene, nzito kama jiwe la kusagia, imekwaruzwa mgongoni. Muuzaji alitaka kuiwasha anionyeshe kioo. Nikamwambia subiri kwanza, igeuze. Skrubu kumi na moja. Nikalipa.