Kijiji Kisicho na Moshi

Juzi nilimwonyesha mkusanyaji mwenzangu stempu niliyoitoa kwenye bahasha kuukuu: Shirakawa-go, Japani, nyumba zake za mapaa makali zimelala kwenye theluji, milima nyuma. Nilikuwa nimeiloweka robo saa ikajiachia yenyewe, nikaiinua kwa kibano, gundi inateleza kama ute. Akaitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Uzuri wake ni huu, ndugu yangu. Hakuna watu wa kuharibu picha."

Siku ya tatu leo, neno hilo halijanitoka.

Kuharibu! Hivi anadhani lile paa lilijiezeka?

Wajapani huita ujenzi huo gassho-zukuri, kwa kuwa paa limekaa kama viganja vilivyokutana kwa sala. Mteremko wake unakaribia nyuzi 60 ili theluji isikae. Makombamoyo hayana msumari, yamefungwa kwa kamba na matawi yaliyosokotwa. Nyasi hudumu miaka 30, 40 hivi, kisha hushushwa na paa kuezekwa upya, na kazi hiyo familia moja haiiwezi. Hufanywa kwa yui, yaani msaragambo wao: watu mia, pengine mia mbili, wamejipanga juu ya paa moja kama siafu, huyu anapokea mafungu ya nyasi, huyu anashona, huyu anasawazisha kingo, na chini wapo wanaowapikia wote. Leo kwangu, kesho kwako. Hao ndio waharibifu wa picha.

Sasa chukua lenzi uiangalie stempu yenyewe. Ile theluji haina wino hata tone, ni karatasi tupu. Mapaa ni vitone vya kahawia na kijivu vilivyosongamana. Moshi? Hamna. Na hilo la moshi linanikera kuliko hata la watu, kwa sababu nyumba zile zilijengwa ili zifukizwe. Meko yalikuwa katikati ya sakafu. Moshi ulipenya kwenye fito zilizoachanishwa ukapanda hadi darini walikofugwa viwavi wa hariri, ukapaka masizi miti na kamba, ukawafukuza wadudu wanaotafuna nyasi. (Na chini ya sakafu, wenyewe wakitengeneza shura, ile chumvi ya kuundia baruti. Kijiji cha kadi ya salamu hicho!) Zima moto, ondoa watu, paa linaanza kuoza. Kwa hiyo ulichonisifia, bwana, ni picha ya nyumba inayokufa.

Haya, stempu ni ndogo. Mtu akitiwa humo atakuwa nukta, na mimi nitaonekana kichaa wa kutafuta nukta. Tena nakiri, shingo upande, kwamba wenyeji wenyewe huenda wanashukuru kuachwa nje. Kwa wingi wa watalii wanaofika kule, kufungua tu mlango asubuhi ni kuingia kwenye picha ya mtu.

Lakini ni wenyeji haohao waliokaa mwaka 1971 wakawekeana masharti matatu: hatuuzi, hatupangishi, hatubomoi. Hawakuyaokota hewani. Miaka 10 kabla, mwaka 1961, bwawa la Miboro lilikamilika na maji yakafunika vijiji vya bonde lilelile. UNESCO ilipokuja kuandika vijiji vya Ogimachi (ndicho cha Shirakawa-go), Ainokura na Suganuma kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1995, ilikuta wenyewe wameshaamua zamani. Milima haikuamua chochote. Theluji ndiyo kabisa, yenyewe ingependa paa lianguke.

Mwenzangu alikuwa na lalamiko la pili: muhuri wa posta. Akanishauri nitafute nakala safi, isiyopigwa muhuri, hii niigawe kwa watoto. Nimekataa. Ile duara nyeusi ndiyo dalili pekee kwamba binadamu alipita hapo. Karani fulani, ana haraka, mkono umemteleza kidogo na wino ukakolea upande mmoja, ukamwagika kijivu juu ya paa la tatu kutoka kushoto, palepale ambapo moshi ungetokea.