Shemeji yake Draga alikuwamo

Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa ameyaeleza mauaji ya Mfalme Aleksandar Obrenović wa Serbia na Malkia Draga, yaliyotokea Belgrade usiku wa kuamkia tarehe 11 Juni 1903, kana kwamba yalikuwa uasi wa maofisa wa jeshi na basi. Naomba kutofautiana naye, kwa kuwa chini ya uasi huo kulikuwa na uhasama wa koo mbili zilizogombania utawala wa Serbia, Obrenović na Karađorđević, ulioanza tangu mwaka 1817, pale Miloš Obrenović alipoamuru Karađorđe, kiongozi wa uasi wa kwanza wa Waserbia dhidi ya Waturuki, auawe na kichwa chake kikapelekwa kwa Sultani, Istanbul.

Hata nyumbani kwa Obrenović kwenyewe hakukuwa shwari. Mwaka 1900 Aleksandar alimwoa Draga, mjane aliyemzidi umri na aliyewahi kumhudumia mama yake Aleksandar, na Milan, baba yake Aleksandar na mfalme wa zamani, akakasirika kiasi cha kutokanyaga tena Serbia hadi alipofariki Vienna mwaka uliofuata. Mwandishi hakumtaja kabisa Aleksandar Mašin, mmoja wa wakuu wa njama ile, ambaye alikuwa ndugu wa marehemu mume wa Draga. Yaani shemeji yake, jamani!

Mfalme na mkewe walijificha katika kijichumba cha nguo kando ya chumba chao cha kulala, na walipopatikana waliuawa, kisha miili yao ikatupwa bustanini kupitia dirishani. Kaka wawili wa Draga waliuawa usiku huohuo. Kiti cha ufalme kilimwendea Petar, mjukuu wa Karađorđe, aliyeitwa kutoka Geneva.