Chunusi za mtoto si damu chafu

Dada yangu alirushiwa picha ya mkebe kwenye grupu la WhatsApp la akina mama wa madrasa, na kabla ya kuuliza lolote alikuwa ameshatuma elfu mbili na mia tano kwa M-Pesa. "Madini ya kusafisha damu." Mwenye chunusi ni mwanawe wa miaka kumi na sita, ambaye siku hizi hata pwani na wenzake haendi kwa aibu. Nikauomba mkebe niusome. Zinki miligramu 50 kwa kidonge, seleniamu, mwani. Maagizo yamekuja kwa ujumbe wa sauti: kimoja asubuhi, kimoja jioni, na utaiona sumu inavyotoka.

Sumu gani, jamani?

Hapa Malindi mtoto akibalehe uso ukachafuka, wa kwanza kulaumiwa ni damu. Wa pili ni maembe. Kinachotokea hasa ni homoni za balehe kuzidisha mafuta ya ngozi. Vitundu vinaziba, bakteria wanazaana humo ndani, panavimba. Hakuna uchafu mwilini unaotafuta mlango wa kutokea. Lakini ukishaamini damu imechafuka, hutaki tena dawa ya kupaka, wataka ya kumeza, na mwenye mkebe analijua hilo kuliko daktari.

Haya, zinki si uongo mtupu, nakubali. Uswidi waliwajaribia wenye chunusi tangu miaka ya 1970, na wapo walionufaika. Lakini Wafaransa, kwenye utafiti uliochapishwa 2001, waliishindanisha na antibiotiki iitwayo minosaiklini: wagonjwa 332, miezi mitatu. Waliopata nafuu ya maana kwa minosaiklini walikuwa asilimia 63, kwa zinki 31. Na dozi yao ilikuwa miligramu 30 kwa siku. Thelathini! Mwanetu kaandikiwa mia moja na mtu ambaye juzi tu alikuwa akituuzia madera.

Kijana wa miaka 14 hadi 18 hatakiwi kupita miligramu 34 kwa siku, chakula na vidonge pamoja, isipokuwa daktari amesema. Akizidisha kwa muda mrefu, zinki inauzuia mwili kupata shaba, na shaba ikipungua, damu nayo hupungua na chembe nyeupe zikashuka. Yaani cha kusafisha damu ndicho kinachoiharibu. Tena inachafua roho ukiimeza na njaa. Siku ya kwanza kijana alimeza kabla ya mahamri na mbaazi, akaishia kuinamia ndoo uani. Dada akampigia muuzaji kwa hofu. "Umeona? Si nilikwambia itatoka?"

Nilitaka kuipokonya ile simu.

Mwani nao una madini joto, ambayo yakizidi huweza kuzichochea hizo hizo chunusi. Chumvi yetu inavunwa hapo juu tu, Gongoni na Marereni, na sheria inataka itiwe madini joto. Ya mkebe ni ya nini? Seleniamu ikizidi, nywele zinanyonyoka na kucha zinakatika. Anayetaka zinki ale kaa, ale nyama.

Duka la dawa wanauza dawa ya kupaka iitwayo benzoili peroksaidi, tyubu ndogo, na ya asilimia 2.5 inawatosha wengi. Inachujua taulo na foronya, kwa hiyo atumie zile kuukuu. Inataka wiki nane, pengine kumi na mbili, na hapo ndipo wengi wanapokata tamaa wakarudi kwenye mkebe. Mafuta ya nazi yabaki kichwani, yasifike usoni. Krimu za kung'arisha nazo zitupwe, nyingi zina steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, na steroidi yenyewe huleta chunusi. Yakiwa ni mavimbe makubwa yanayouma na kuacha makovu, mpelekeni hospitali mapema. Na akipewa dawa za jamii ya tetrasaiklini, kama ile minosaiklini, asizimeze pamoja na zinki, maana zinki huzizuia zisiingie mwilini vizuri.

Na nyinyi mnaowaambia mabinti zitaisha wakiolewa: mimi nimeolewa, nina watoto watatu, na asubuhi hii imenitoka moja kidevuni kama punje ya mtama.