Goma si Boma, nijibu mara moja!

Nimechoka na namna APL, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, inavyoshika maneno. Jana usiku umeme ulirudi hapa Birere, nikakaa kupanga wateja wa butiki ya dada yangu kwa miji yao. Nikauliza: 'Goma'='Boma'? Nataka jibu moja tu, ndiyo au hapana. Ikanirudishia 0 1 1 1, herufi kwa herufi, 0 ni hapana na 1 ni ndiyo! Goma na Bukavu ndiyo ikakataa kabisa, eti urefu haulingani. Najua alama ≡ ya kulinganisha neno zima ipo, na kwa hesabu lugha hii naipenda sana. Lakini kwa nini 'GO' iwe safu ya herufi, halafu 'G' iwe herufi tupu isiyo safu? Mteja mmoja niliyemwandika K tu alinivunjia programu nzima mpaka saa nane za usiku.