Karanga Analala Mchana

Mimi ni dreva wa taksibisi hapa Lubumbashi, Kongo. Saa kumi ya alfajiri niko macho, saa kumi na moja niko kituoni Katuba nagombania abiria. Mtu wa kazi hii akisema usiku anataka usingizi, haombi anasa. Sasa nani aliyeniletea nyumbani mnyama wa zamu ya usiku?

Ni shemeji. Dada mkubwa wa mke wangu alikuwa anafanya kazi kwa Wazungu fulani kule mtaa wa Golf. Walipofungasha kurudi Ubelgiji wakagawa vitu. Mpishi akapata friji. Mlinzi akapata baisikeli na godoro. Shemeji yangu, miaka yote ile ya kupiga pasi, akapata hamsta, kijinyama kama panya. Na kwa kuwa anaogopa panya kuliko anavyoogopa Mungu, baraka hiyo akaipitisha kwetu, pamoja na kizimba chake na karatasi ya maelezo kwa Kifaransa, imeandikwa mbele na nyuma.

Binti yangu Naomi akamwita Karanga. Nikasema vizuri, karanga hapa kwetu tunakaanga. Hakuna aliyecheka.

Tuelewane kwanza. Katika dari la nyumba hii kuna panya. Ni familia ngapi sijui, najua tu kodi hawachangii. Kila mara nanunua sumu pale soko la Kenya, mtaa wa hapahapa mjini, kwa kijana mmoja mwenye kipaza sauti. Halafu chini ya dari hilohilo kuna mwingine, huyo namnunulia alizeti. Juu naua, chini nalisha. Naomi ananiambia, "Papa, Karanga si panya." Nikamuuliza tofauti iko wapi. Akafikiri, akasema: mkia. Kumbe ukizaliwa na kimkia kifupi unapewa nyumba!

Tena nyumba kweli. Ana chumba cha kulala, ana mahali pa kulia, kona moja ameifanya choo yeye mwenyewe bila kufundishwa, na ana bafu. Haogi maji, maji yanamtia baridi, anajigaragaza kwenye mchanga safi, mkavu, uliochekechwa. Nani anachekecha? Mimi. Watu sita wa nyumba hii tunagawana choo na majirani wa parseli nzima, asubuhi tunapanga foleni na ndoo mkononi, na yeye yuko kule ndani peke yake na kona yake.

Nikasema basi nimsaidie kwenye matandiko. Nikaenda kwa fundi seremala, nikabeba gunia zima la maranda, bure. Shemeji akafungua karatasi yake: maranda ya msonobari yanamwumiza pumzi. Gazeti je? Wino haufai. Anatandikiwa karatasi ya chooni, nyeupe, isiyo na manukato, imechanwachanwa vipande virefu. Ile rola ambayo mke wangu alikuwa anaificha juu ya kabati kwa ajili ya siku mchungaji akitutembelea. Sisi wengine tunaendelea na madaftari ya mwaka jana.

Lakini hayo yote ningemeza. Shida yangu ni ratiba.

Mchana kutwa amelala. Ukipita na kiatu unaambiwa, "Papa, pole pole, usimuamshe." Redio chini. Mlango taratibu. Eti akishtuliwa usingizini anauma. Na mimi nikishtuliwa usingizini? Inafika saa tatu usiku, nimemaliza bukari yangu na sombe, kichwa kimeanza kuwa kizito, ndiyo kwanza bwana anatoka kwenye karatasi za mchungaji. Anapiga miayo. Anapangusa masharubu kwa mikono miwili. Kisha anapanda kwenye gurudumu lake na kuanza safari.

Karatasi inasema usiku mmoja anaweza kukimbia kilomita 8 na zaidi. Nilimwambia Naomi asome tena. Kilomita 8! Hiyo ni Katuba mpaka mjini na kugeuka, bila kununua mafuta, bila tairi kuisha, bila mtu kukusimamisha njiani akikagua vitabu vya gari huku macho yake yakiwa mfukoni mwako. Na akimaliza yuko palepale alipoanzia. Abiria hana hata mmoja.

Gurudumu lilikuwa linalia: kwii, kwii, kwii. Sikio langu ni la dreva, kabla sijafumbua macho nilishajua kuwa ekseli imekauka. Saa saba ya usiku mtu mzima niko magotini mbele ya kizimba, simu nimeibana kwa meno inimulike, natia tone la mafuta ya kupikia, kwa sababu grisi atairamba. Yeye amesimama pembeni ananiangalia, mkono mmoja juu, kama mteja aliyeahidiwa gari lake saa nane. Bisi yangu inalia hivyohivyo tangu Pasaka na hakuna aliyeamka kuitia chochote.

Na yote hayo gizani, maana umeme ukienda hausemi unarudi lini. Mnajua kwamba kuna laini inaleta umeme kutoka bwawa la Inga mpaka Kolwezi, mji wa migodi, kama kilomita 1,700? Unapita juu ya vichwa vya watu na mishumaa yao, unaingia migodini bila hodi. Huyu wangu naye anakimbia kilomita zake 8 na hatoi hata mwanga wa kutafutia kiberiti. Wote wawili nawaweka kundi moja.

Mama mkwe alikuja kumwona. Akasomewa asili: eti hamsta karibu wote wa aina hii wanaofugwa duniani wametoka kwa mama mmoja na watoto wake, walichimbuliwa shambani karibu na Aleppo, Siria, mwaka 1930. Mama mkwe akatikisa kichwa polepole. "Angalau huyu ukoo wake unajulikana." Akanigeukia mimi.

Siku moja nilimtazama Karanga akila, nikakubali kwamba mnyama huyu angefaa siasa. Alipewa karanga za kutosha siku mbili. Hakutafuna hata moja. Alisukuma ya kwanza shavuni, ya pili, ya tatu, shavu la kushoto likajaa akahamia la kulia, mpaka kichwa kikawa kipana kuliko kiuno. Akaenda kujificha, akasukuma mashavu kwa mikono toka nyuma kuja mbele, zikatoka zote, kavu, moja moja, akazifukia. Akarudi sahanini na uso uliokonda, akaniangalia, kana kwamba tangu asubuhi hajapewa kitu.

Alitoroka pia. Usiku kucha tulitafuta, Naomi analia, mke wangu anafukuza paka wa jirani, paka niliyekuwa nimemwazima mwenyewe kwa ajili ya wale wa darini. Jumapili asubuhi naingiza mguu kwenye kiatu cha kanisa: mahindi, alizeti, kipande cha tango, na chini kabisa ncha ya kidole changu ikakutana na mwenye mali. Meno yake ya mbele hayaachi kukua maisha yake yote. Nathibitisha kwamba yanatunzwa vizuri.

Halafu ukaja mwezi wa sita. Wanaofikiri Kongo yote ni joto waje walale Lubumbashi mwezi wa sita, usiku unashuka chini ya digrii 10. Asubuhi Karanga kakauka. Baridi, mgumu, pumzi haionekani. Vilio. Jirani, Papa Ilunga, akaja kutoa pole, akamshika, akampima mkononi, akauliza kwa heshima kama tunamzika kweli, maana yeye chumvi anayo. Mimi koleo nilishalichukua, na uso nilijitahidi kuuweka wa huzuni.

Shemeji akapiga simu: msimzike! Baridi ikizidi wanazimika hivyo, wanaonekana wamekufa. Apashwe joto polepole, na si juu ya mbabula ya makaa, bali mwilini mwa mtu. Mwili gani? Watoto wanaenda shule. Mama anaenda sokoni. Nilikaa na panya ndani ya sweta, juu ya tumbo, nikampa konda bisi aende nayo. Baadaye masharubu yakatikisika, mguu ukatikisika, akafungua jicho moja, akaona ni mimi, akaniuma.

Juzi yule madamu wa Golf, mwenye Karanga wa kwanza, akapiga video kutoka Ubelgiji. Megabaiti zangu, mjue. Hakuuliza habari za Lubumbashi. "Yuko wapi mtoto wangu?" Nikapeleka simu kizimbani. Amelala, bila shaka, ilikuwa saa nane mchana. Akanong'ona kwamba nisimuamshe, atapiga tena usiku saa nne amkute akikimbia, nisilale. Kisha akamwuliza shemeji, simu ikiwa bado mkononi mwangu, kama huyu baba anayemlisha Karanga anaitwa nani.

Shemeji naye akasita.