Tunakunywa Maji, Tunatupa Chungwa

Angalia chungwa linavyoliwa pale kituo cha basi Dar es Salaam. Muuzaji anamenya ganda la juu kwa kisu, anabakiza ule weupe, anakata vipande viwili, pilipili na chumvi ukitaka. Mteja anafyonza maji, makapi anayatema. Nyumbani nako juisi inapitishwa kwenye chujio na mabaki yanakwenda jaani. Mimi naona tunatupa chungwa lenyewe.

Juisi si bure, nakubali. Vitamini C huyeyuka majini, hivyo juisi huibeba vizuri: gramu 100 za chungwa zina takriban miligramu 50. Ila hesperidini ni ngumu kuyeyuka. Hiyo ndiyo flavonoidi kuu ya chungwa, yaani mojawapo ya kemikali za mimea zinazosifiwa kuwa antioksidanti, vizimaji vya chembe zinazoharibu seli. Imejazana kwenye weupe wa ganda na kwenye ngozi za vipande. Mfaransa Lebreton aliipata humo humo kwenye weupe mwaka 1828. Jirani yake ni pektini, nyuzinyuzi inayopunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu na kuwalisha bakteria wema wa utumbo. Ukichuja, nyingi ya hizo zinabaki kwenye chujio. Halafu tunaongeza vijiko vya sukari!

Lakini msinihesabu pamoja na wale wanaosambaza WhatsApp kwamba maganda ya limao yaliyochemshwa yanatibu kila kitu, hadi saratani. Kuzima chembe haribifu ndani ya chupa ya maabara ni jambo moja, kufanya hivyo mwilini ni jingine kabisa. Flavonoidi hizi hufyonzwa kidogo tu, na nyingi huvunjwavunjwa kwanza na bakteria wa utumbo. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa na jedwali la kupima nguvu ya antioksidanti katika vyakula; mwaka 2012 ililiondoa, kwa sababu wafanyabiashara walilitumia vibaya na alama zile hazikuonyesha faida mwilini. Kwa hiyo ninayatetea makapi kwanza kwa ajili ya nyuzinyuzi. Hesperidini naihesabu kuwa nyongeza.

Ganda la nje ni chungu na lina mafuta makali, sitamlazimisha mtu. Hata hivyo watu wa Pwani wanalila siku zote: achari ya ndimu ni ndimu nzima, ganda na yote, imelainishwa kwa chumvi na jua. Na ukitaka vitamini C ikufanyie kazi ya maana, kamulia ndimu kwenye mchicha au maharage baada ya kuepua. Moto huiharibu, na ikiwa nzima husaidia mwili kufyonza madini ya chuma ya mboga hizo.

Balungi ndilo la kuogopwa kidogo. Lina kemikali ziitwazo furanokumarini, zinazozuia kimeng'enya cha utumbo kinachovunja baadhi ya dawa, zikiwemo felodipini ya presha na simvastatini ya kolesteroli. Dawa inajaa kwenye damu kupita kipimo, na glasi moja tu inaweza kutosha. Anayemeza vidonge hivyo amuulize mfamasia kabla ya kulimenya.