Jemaa el-Fnaa imenifanya niiwaze Forodhani yetu

Mi naishi Ujerumani miaka mingi sasa, na viwanja vya mji hapa ni vizuri, mawe yamepangwa, viti vipo, usafi upo, ila ikifika Jumapili maduka karibu yote yanafungwa kwa sheria na unakuta watu wawili watatu tu wamekaa, kila mtu na simu yake. Sasa juzi nimeenda Moroko, Marrakech, nikaingia Jemaa el-Fnaa, uwanja mkuu wa mji ule, wakati wa magharibi, wallahi nilihisi nimerudi kwa watu.

Mchana ni wauza jusi ya machungwa, akina mama wa hina, na wenye nyoka na kima (hawa sikuwapenda kabisa, mnyama kufungwa mnyororo ili watu wapige naye picha si sawa). Adhana ikishatoka msikiti wa Koutoubia ndo moshi unaanza kupanda, mabenchi yanapangwa, watu wanakula supu ya harira, supu ya konokono, vichwa vya kondoo, na unabanana benchi moja na familia ambayo hamjuani wala lugha hamsikilizani lakini mkate wanakukatia.

Pembeni sasa kuna halqa, yaani watu wamesimama duara na katikati yupo msimulizi au wapo Wagnawa na vile vyuma vyao vya mkononi. Wagnawa asili yao ni Waafrika waliovushwa Sahara kama watumwa, na wana ngoma za usiku kucha za kutuliza majini, sasa mtu wa Unguja aliyekulia karibu na ngoma za pepo hapo haambiwi kitu, mwili unasisimka wenyewe.

Na UNESCO walipoutambua uwanja huu mwaka 2001 hawakuangalia majengo, waliangalia yale yanayofanywa na watu pale. Juan Goytisolo, mwandishi wa Kihispania aliyehamia Marrakech, aliupigania sana. Lakini hata hivyo wasimulizi wamepungua mno, wazee wanaondoka na vijana wachache ndo wanarithi.

Hapo ndo roho inaniuma nikifikiria kwetu. Mji Mkongwe wa Unguja ni urithi wa dunia tangu 2000, Forodhani, bustani yetu ya pwani ya kula jioni, ilikarabatiwa ikafunguliwa tena 2009, ikapendeza, lakini tunalinda milango na kuta huku jioni yenyewe tunaiuza. Likizo iliyopita nimetajiwa bei ya mishkaki kwa dola, mimi, kwa Kiswahili changu! Mgeni aje, ale, alipe, sina neno, ila mama wa Ng'ambo, mitaa ya wenyeji nje ya Mji Mkongwe, na wanawe wakishindwa kuja kula urojo pale jioni basi hiyo si Forodhani tena. Wahusika wawape wazee wa hadithi na vikundi vya ngoma sehemu ya bure kila jioni, si siku za tamasha tu, na bei ziandikwe kwa shilingi kila meza.